Kompyuta Isiyokubali Kuamka

Kama nyumbani kwako, shuleni kwako au dukani kwako kuna kompyuta ya mezani, huenda umekwisha uona ugonjwa huu. Na kama hujauona, yawezekana siku moja utauona. Unabonyeza kitufe. Feni zinaanza kuvuma, taa inawaka, nawe unavuta kiti ukae ufanye kazi. Mara, kabla kioo hakijaonyesha neno lo lote, feni zinanyamaza na taa inazimika. Unahesabu moja, mbili, tatu. Mashine inajiwasha yenyewe bila kuguswa na mtu. Inavuma, inazimika. Inavuma, inazimika. Ukiiacha, itaendelea hivyo hata jioni, kama mlevi anayejaribu kuinuka kitandani na kila mara anarudi chini.

Hapo ndipo hofu inapoingia. Ndani ya mashine hiyo mna alama za mtihani za kidato kizima, au hesabu za duka za mwaka mzima, au picha za arusi ya binti. Jirani anapita, anatazama, anatikisa kichwa: "Ubao umekufa huo. Nunua mwingine." Fedha za ubao mpya ni fedha ambazo zingelipa ada ya mtoto. Pengine jirani asema kweli. Lakini mara nyingi sana si kweli, na makala hii imeandikwa ili uweze kutambua kabla hujafungua mfuko wako.

Neno la kwanza la kushika ni hili: mashine inayojizima na kujiwasha haijafa. Maiti haikohoi. Kuna kitu kimoja ndani yake kinachokataa, nayo yafanya kama ilivyofundishwa, yaani kusimama na kuanza upya. Kazi yako ni kumjua anayekataa. Na njia ya kumjua si kubahatisha, leo kununua hiki na kesho kile. Ni kuwatoa nje wote wasio wa lazima, kisha kuwarudisha mmoja mmoja.

JINSI INAVYOAMKA

Yafaa kwanza ujue mambo yanayotokea katika zile sekunde chache baada ya kubonyeza kitufe, maana humo ndimo ugonjwa ulimojificha.

Lile sanduku la chuma lenye feni, ambalo waya wa ukutani huchomekwa nyuma yake, mafundi huliita pawasaplai. Kazi yake ni kuugeuza umeme wa ukutani wa volti 230 uwe umeme mdogo usiopanda wala kushuka: volti 12, volti 5 na volti 3.3. Tangu Intel walipotoa kanuni iitwayo ATX mwaka 1995, pawasaplai haitoi ruhusa papo hapo. Kwanza hujipima yenyewe. Ikiona umeme wake umetulia, ndipo inapopeleka ishara ya volti 5 katika waya wa kijivu, kana kwamba inasema, "Haya, anzeni kazi." Hungoja baina ya sehemu ya kumi ya sekunde na nusu sekunde kabla ya kuipeleka. Ishara hiyo ikikatika, hata kwa kufumba na kufumbua, kila kitu husimama.

Ubao mama, ambao mjini huitwa madabodi au bodi tu, ni ule ubao mpana uliofungwa ubavuni mwa kasha, na vitu vingine vyote vimechomekwa juu yake. Ukiisha pata ile ishara, huiamsha prosesa, yaani kile kipande kinachopiga hesabu zote. Prosesa nayo huenda kusoma maagizo yaliyohifadhiwa juu ya ubao, yaitwayo BIOS. Maagizo huiambia: jipime kwanza, ipime ramu, tafuta kioo, tafuta diski, ukiisha yaona yote ni mazima, mwite Windows aingie. Kujipima huku si jambo la jana. Kompyuta ya IBM iliyotoka mwaka 1981 ilijipima vivyo hivyo, na ikiisha maliza salama ililia mlio mmoja mfupi.

Basi ukiona mashine inaanza upya kila mara, ujue kwamba katika safari hii kuna mlango mmoja inaoufikia na kuukuta umefungwa.

Lakini angalia: si kila kuanza upya ni ugonjwa. Ukibadilisha ramu, au ukibadilisha mipango ya BIOS, ubao mwingi hujizima na kujiwasha mara moja au mbili, kisha hutulia. Mbao mpya zinazotumia ramu ya aina ya DDR5, kama zile za AM5 ambazo AMD walizileta mwaka 2022, zaweza kukaa kimya dakika kadhaa kioo kikiwa cheusi, maana ubao unajizoeza na ramu yake mpya. Watu wasio na subira huuzima katikati ya kazi hiyo, nao huanza tena toka mwanzo, kisha wenyewe husema ubao ni mbovu! Kama umeweka ramu mpya ya aina hiyo, iache mashine robo saa bila kuigusa. Nenda kanywe chai.

INAANGUKIA WAPI?

Kabla ya kushika bisibisi, kaa utazame. Chukua saa na kalamu. Andika: inazimika baada ya sekunde ngapi? Je, kioo kimeonyesha cho chote? Imelia? Kuna taa inayomweta? Nusu saa ya kutazama yaweza kukuokolea siku tatu za kufungua na kufunga.

Kama inazimika baada ya kuonyesha alama ya Windows, yale mambo ya mwanzo yote yamekwisha pita salama, na mara nyingi kosa si la ubao bali ni la diski au la Windows yenyewe. Windows kwa desturi yake ikipatwa na jambo baya hujianzisha upya upesi hata usiwahi kusoma ilichoandika. Kuna mpango wa kuikataza isifanye hivyo, nao hupatikana katika orodha ya kuanzia inayokuja mashine ikishindwa kuingia mara kadhaa. Ukiisha ikataza, itasimama na maneno yake yakiwa juu ya kioo, nawe utayanakili.

Kuna jaribio moja dogo ninalolipenda kuliko yote kwa sababu halina gharama. Washa mashine na ubonyeze ile funguo ya kuingilia BIOS (kwa mashine nyingi za Dell ni F2, kwa za HP ni F10, kwa nyingine ni Delete). Ukifaulu kuingia, iache hapo hapo nusu saa. Humo Windows hayumo. Ikikaa nusu saa bila kuanguka, elekeza macho kwenye diski na Windows. Ikianguka hata humo, ndipo ujue ugonjwa uko kwenye umeme, ramu, joto au ubao.

Na ikiwa haifiki hata huko, bali inazimika katika sekunde mbili tatu za mwanzo, hapana budi kuifungua.

DISKI KWANZA

Kabla ya yote, jambo hili lisikupite. Karatasi zako, alama zako na picha zako hazikai katika ubao mama. Zinakaa katika diski. Ubao waweza kuungua ukawa mkaa na diski ikabaki nzima. Kwa hiyo toa diski, au uitenganishe na nyaya zake, uiweke mahali pakavu. Kuna visanduku vya bei ndogo vinavyoigeuza diski ikasomeka kwenye kompyuta nyingine kama flashi. Nakili mambo yako yote kwanza, ndipo uanze uganga. Mashine inayozimika ghafula mara hamsini kwa siku yaweza kuyaharibu yale yaliyoandikwa katika diski, hata kama ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kitufe tu.

Tena kuna hila moja ya siku hizi. Windows 10 na Windows 11 huweza kuifunga diski kwa kufuli liitwalo BitLocker. Mipango ya BIOS ikifutwa au ubao ukibadilishwa, kufuli hilo huuliza ufunguo wa tarakimu 48. Wengi hawajui kwamba wanao. Mara nyingi umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya yule aliyeianzisha mashine. Kwa shule, mtu huyo huenda ni mwalimu aliyekwisha hamia wilaya nyingine. Mtafuteni mapema, kabla hamjagusa betri ya ubao.

KUIFUNGUA

Ng'oa waya wa umeme ukutani. Si kuzima swichi tu, ng'oa kabisa. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma kitupu cha kasha kabla ya kugusa cho chote kingine, maana mwili wa binadamu hukusanya umeme usioonekana, hasa nyakati za ukavu, na cheche ndogo usiyoisikia yaweza kuharibu ramu. Watoto wakae mbali.

Na hili nalisema bila mzaha: pawasaplai isifunguliwe. Ndani yake mna kapasita zinazoweka umeme unaofika volti 325, nazo huweza kuuhifadhi hata baada ya waya kung'olewa. Pawasaplai ikiwa mbovu hubadilishwa nzima.

Sasa anza na mambo ya aibu, yaani yale madogo ambayo mafundi wakubwa huyaruka. Je, waya wa ukutani umepitia kwenye ekstensheni moja na mashine ya kutolea fotokopi au printa ya leza? Printa ya leza ikipasha moto rola zake huvuta umeme mwingi kwa ghafula, na umeme wa ekstensheni dhaifu hushuka. Chomeka kompyuta peke yake ukutani ujaribu. Huenda habari ikaishia hapo.

Kisha kitufe. Kitufe cha kuwashia kikibonyezwa na kushikiliwa kwa sekunde nne hivi, mashine huzimika, ndivyo ilivyotengenezwa. Basi kitufe kilichojaa uchafu kikakwama ndani hufanya kazi ya kidole kisichochoka: mashine huwaka, huzimika, huwaka tena. Na kitufe cha kuanzisha upya kikikwama, ndicho kabisa. Dawa yake ni rahisi. Katika pembe ya ubao kuna pini nyembamba ambazo nyaya za vitufe hivyo zimechomekwa. Zichomoe zote. Kisha, umeme ukiwa umerudishwa, gusisha zile pini mbili za kuwashia kwa ncha ya bisibisi kwa muda wa nukta moja tu. Mashine ikiwaka na kukaa, mgonjwa ni kitufe cha shilingi chache.

Mashine bado inaanguka? Haya, vua nguo zote. Ondoa waya za diski, kadi ya picha kama ubao una sehemu yake wenyewe ya kioo, kadi za mtandao, kila flashi, printa, hata kibodi na kipanya. Tazama mashimo ya flashi mbele ya kasha. Mtoto akichomeka flashi kwa nguvu upande usio wake, vile vibati vya ndani hupinda na kugusana, na ubao unaojilinda hukataa kuwaka. Bakiza ubao, prosesa na feni yake, kipande kimoja cha ramu na pawasaplai. Hakikisha pia kwamba ule waya mfupi wa pini nne au nane ulio karibu na prosesa umeingia barabara. Huo ndio unaoilisha prosesa volti 12; ule mkubwa wa pini 24 peke yake hautoshi.

RAMU NDIYO MSHUKIWA MKUBWA

Ramu ni vile vipande virefu vyembamba vyenye meno ya dhahabu. Vumbi, jasho la vidole, na huku pwani ile hewa ya chumvi, huweka utando kati ya meno hayo na kitanda chake. Toa kipande, sugua meno yake polepole kwa raba safi ya kufutia penseli, upanguse ule unga wake wote kwa kitambaa kikavu, au kwa spiriti safi ukiwa nayo. Puliza kitanda kwa blowa, si kwa mdomo, maana mdomo una mate. Kisha kirudishe mpaka usikie vifungo vyake vikilia "tik."

Kama kuna vipande viwili, jaribu kimoja kimoja, na kila kimoja katika kila kitanda. Ni kazi ya kuchosha, lakini hapa ndipo watu wengi wanapookoa fedha zao. Kipande A kikianguka katika vitanda vyote na kipande B kikisimama katika vyote, hukumu imekwisha toka. Vyote viwili vikianguka katika kitanda kimoja tu, kitanda hicho ndicho kibovu, na mashine yaweza kuendelea kuishi kwa kutumia vingine.

Kisha kuna jaribio la kinyume, zuri sana. Toa ramu yote, uwashe. Ubao wenye kispika cha ndani, ukiwa mzima, utalia kwa kulalamika kwamba hauna ramu. Kulia huko ni habari njema! Maana yake prosesa imeamka, imesoma BIOS, imetafuta ramu na kuikosa. Ubao unaoweza kulalamika una uhai. Mbao nyingi mpya zina taa nne ndogo badala ya mlio, moja ya prosesa, moja ya ramu, moja ya picha, moja ya diski; itazame ile inayobaki ikiwaka. Kompyuta za ofisi za Dell na HP nazo humwetesha taa ya kitufe kwa hesabu maalumu. Hesabu mimweto, uiandike, kisha uitafute katika kitabu cha aina hiyo hiyo ya mashine, si cha nduguye.

JOTO, BETRI, NA CHUMA KILICHOGUSA

Prosesa za leo hujipunguza mwendo zikifika karibu nyuzi 100 za Sentigredi, na zikizidi hapo hujizima zisije zikaungua. Kwa hiyo kipoza joto kilicholegea upande mmoja, au feni iliyokwama kwa vumbi, huonyesha alama ya peke yake: mashine ikiwa baridi hukaa muda mrefu zaidi kabla ya kuanguka, na kila inapojirudia muda hupungua. Ndiyo sababu nilikuambia uandike sekunde. Ukikitoa kipoza joto, ile dawa nyeupe au ya kijivu iliyo chini yake usiirudishe ikiwa kavu. Ifute, utie mpya kiasi cha punje ya dengu.

Betri ya ubao ni ile ya duara kama sarafu, CR2032, ya volti 3. Ikiisha nguvu, saa ya kompyuta hupotea na mipango ya BIOS hurudi ya kiwandani. Kwa kawaida hiyo peke yake haiangushi mashine, lakini mipango iliyoharibika huweza. Piga picha kurasa za BIOS kwanza kama unaweza kuzifikia, hasa ule mpango wa namna diski inavyosomwa, kwa kuwa ukirudi vingine Windows itakataa kuingia nawe utadhani umeleta ugonjwa mpya. Kisha, umeme ukiwa umeng'olewa, toa betri dakika tano, uirudishe, ujaribu.

Chini ya ubao kuna vijiguu vidogo vya shaba vinavyouinua usiguse kasha. Kijiguu kimoja kikifungwa mahali pasipo na tundu la ubao, au skrubu moja ikidondoka na kulala chini yake, umeme hupita njia isiyo yake. Ukiwa na mashaka, utoe ubao wote nje, uulaze juu ya kadibodi kavu, uujaribu hapo. Ukisimama mezani na kuanguka ndani ya kasha, unajua pa kutafuta.

Mwisho wa haya ni pawasaplai yenyewe. Njia iliyo bora ni kuazima nyingine nzima, yenye nguvu za kutosha na soketi zile zile, ukajaribu nayo. Mwenye mita ya umeme aweza pia kupima mashine ikijaribu kuwaka: ile ya volti 12 isishuke chini ya 11.4 wala kuzidi 12.6, ile ya volti 5 ikae baina ya 4.75 na 5.25. Lakini mita ya kawaida ni nzito wa macho. Mtikisiko wa haraka huupita bila kuuona. Pawasaplai nyingi mbovu zimepimwa zikaonekana nzima. Kuazima kwashinda kupima. Na angalia, kompyuta nyingi za ofisi za Dell na HP za miaka ya karibuni zina soketi za namna yao wenyewe. Usilazimishe isiyo yake.

VIKOPO VILIVYOVIMBA

Sasa nikueleze jambo lililowatesa watu duniani kote, maana mashine nyingi za zamani zilizofika kwetu zimelibeba.

Tazama ubao kando ya prosesa. Utaona vikopo vidogo vilivyosimama kama ngoma. Hizo ni kapasita. Prosesa haitumii volti 12 moja kwa moja; ubao huzishusha mpaka karibu volti moja, lakini kwa mkondo mkubwa sana, na kapasita ndizo zinazoutuliza mkondo huo usiyumbe, kama pipa la maji linavyoutuliza mferejini uliokatikakatika. Kapasita ikikauka, prosesa inapoamka na kuvuta umeme kwa ghafula, volti huanguka, na mashine huanza upya.

Kati ya mwaka 1999 na mwaka 2007 hivi, kapasita nyingi sana zilitengenezwa kwa maji ya ndani yasiyochanganywa vema. Yalizaa gesi, vikopo vikavimba, vikapasuka juu na kutoa utomvu wa rangi ya kahawia. Mbao za makampuni mengi ziliharibika. Hata iMac G5 za Apple ziliingia katika janga hili. Katika kompyuta za ofisi za Dell, aina za OptiPlex GX270 na GX280 zilijulikana sana. Mwaka 2005 Dell walitenga dola milioni 300 kwa ajili ya matengenezo, na karatasi zilizotoka mahakamani baadaye zilisema kwamba kompyuta milioni 11.8 walizouza kati ya Mei 2003 na Julai 2005 zilikuwa katika hatari hiyo.

Jinsi ya kuzitambua: kichwa cha kapasita nzima ni bapa kama sarafu. Kikiinuka kidogo katikati, au kukiwa na ukoko wa kahawia, imekwisha. Na kuna tabia moja inayozitoa siri kabla hata hujafungua kasha. Asubuhi mashine hukataa kuamka, huwaka na kuzimika mara kumi au ishirini; kisha ikiisha pata joto huamka na kufanya kazi siku nzima kana kwamba haikuwa na neno. Kapasita iliyochoka hufanya kazi afadhali ikiwa na joto. Wenye mashine kama hizo hujifunza kutoizima usiku. Hiyo si dawa, ni kuahirisha tu, na siku umeme wa mtaa ukikatika ndiyo siku ya mwisho.

Fundi mwenye mkono mzuri wa kulehemu aweza kuzibadilisha. Mwambie aweke zenye mikrofaradi zile zile, volti zile zile au zaidi kidogo, za nyuzi 105, za aina inayotengenezwa kwa kazi hii ya mbao za kompyuta, na ule mstari wa upande wa hasi ukae ulipokuwa. Mbao zilizotengenezwa baadaye nyingi zina kapasita ngumu zisizo na maji, nazo ni nadra kuvimba. Humo usipoteze muda kutafuta uvimbe.

Prosesa yenyewe, je? Ni nadra kufa, ndiyo maana nimeiacha nyuma. Lakini si jambo lisilotokea. Mwaka 2024 Intel walikiri kwamba baadhi ya prosesa zao za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikijiomba volti kubwa kupita kiasi na kuharibika polepole. Agosti mwaka huo wakatoa maagizo mapya ya kuwekwa kupitia BIOS, na kuongeza miaka miwili ya dhamana. Maagizo hayo huzuia madhara, hayaponyi prosesa iliyokwisha dhurika. Mwenye prosesa ya namna hiyo na autazame ubao wake kama una BIOS ya karibuni.

UKIMPELEKEA FUNDI

Ukiisha jaribu haya yote na mashine bado inaanguka ikiwa na ubao, prosesa, ramu iliyothibitishwa na pawasaplai ya kuazima, hapo ndipo neno la jirani linapopata uzito. Mpelekee fundi, lakini usimpelekee mashine peke yake. Mpe ile karatasi yako: sekunde ngapi, mlio gani, taa gani, umejaribu nini na nini kikatokea. Fundi mwema ataifurahia; fundi mwingine itamwonyesha kwamba hakupata mteja wa gizani. Diski baki nayo nyumbani, maana yeye haihitaji ili kuupima ubao, na neno "nime-formati" likiisha tamkwa halina marejeo. Akikuambia kitu kimekufa, mwombe akurudishie hicho kilichokufa.

Kabla ya kununua ubao mpya, uliza pia bei ya kompyuta nzima iliyokwisha tumika ya aina ile ile. Kwa mashine za ofisi mara nyingi tofauti ni ndogo, kwa kuwa ubao wake ni wa umbo la peke yake na haupatikani kirahisi, nawe ukiipata nzima utahamishia ramu yako na diski yako bila taabu. Ila kama ni ya zamani na imetoka Marekani, igeuze kwanza utazame nyuma ya pawasaplai. Zamani ziliwekwa kiswichi chekundu kidogo chenye namba 115 na 230. Huko kwao umeme ni wa volti 120. Kisukume kifike 230 kabla hujaichomeka ukutani kwako, la sivyo utasikia mlipuko na kunusa moshi kabla kitufe hakijabonyezwa.